Piko la Bi Zubaida

Ukitaka kugombana na Bi Zubaida, mwambie mstari wake umepinda. Mengine yote atakusamehe. Mwite mchoyo, atacheka. Mwambie mchuzi wake hauna chumvi, atakusukumia kopo la chumvi ule mpaka presha ikupande. Lakini ukimshika mkono bibi harusi aliyemchora yeye, ukaugeuza hivi na hivi, kisha ukaguna "mh", basi umejitafutia ugomvi ambao hata wajukuu zako wataukuta.

Maana Bi Zubaida ndiye mpaka piko wa Palma, huku kwetu Msumbiji. Wengine wapo, hatukatai, wasichana wa siku hizi wanaoweka simu mbele na kunakili maua ya watu wa mbali. Yeye hao anawaita wapaka milango. Piko lake, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, linatoka Mtwara, linavuka Ruvuma ndani ya mzigo wa mtu anayemwamini, na kulikoroga anakoroga mwenyewe, wala hakuonyeshi. Akimaliza mkono anausogeza mbali, anafumba jicho moja, anasema, "Haya, sasa nenda kaolewe." Wamekwenda wengi. Baadhi wamesharudi kwao, lakini hilo si kosa la piko.

Nyumba yake iko nyuma ya soko, udongo na fito, na juu yake bati za kuokoteza mwaka ule watu waliporudi kutoka walikokimbilia vita. Anaishi na binti yake Nadia na mjukuu wake Rachide, mwana wa Nadia, wa miaka mitatu. Baba yake Rachide yuko kisiwani Vamizi, anavua, na hukumbuka kwamba ana mtoto kila samaki wanapokuwa wengi.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni Fernanda, mwanamke wa Mueda, wa huko juu kwa Wamakonde, Mkristo, mwenye msalaba mdogo shingoni aliouning'iniza kwa uzi wa cherehani. Mumewe, Abílio, yuko kwenye ujenzi, anakuja Jumapili kulala na kuondoka. Binti yao Rosita ana miaka miwili. Huyu alizaliwa chini ya plastiki kambini, wakati wa kukimbia, siku ambayo mama yake anaikumbuka kwa mvua tu. Kadi ya kliniki hana, chanjo ya kuzaliwa hana. Alizaliwa akakuta hakuna wa kumwandika.

Fernanda huondoka alfajiri kwenda machamba, kama tunavyoliita shamba huku kwetu, na jioni huuza muhogo sokoni. Kwa hiyo Rosita hushinda kwa Bi Zubaida. Hawakuwahi kukaa kitako kupatana. Siku moja tu Fernanda alisema, "Mama Nadia, hebu nishikie huyu kidogo," na hicho kidogo mpaka leo kimefika mwaka na nusu.

Sasa tuje kwenye matone. Polio, ugonjwa ambao wengi wetu tulidhani ulizikwa na bibi zetu, ilisemekana umeonekana tena nchini. Basi zikaanza kampeni. Vijana wenye vizibao na makasha ya barafu begani wanapita nyumba kwa nyumba: mtoto afungue kinywa, matone mawili, kisha wanamshika mkono wa kushoto na kumtia wino mweusi kwenye ukucha wa kidole cha mwisho, ili ijulikane huyu tayari. Mlangoni wanaandika kwa chaki. Raundi ya kwanza ikapita. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, watu wakaanza kuulizana kama haya matone yana mwisho.

Nadia mwenyewe alikuwa mmoja wa vijana hao. Alifika darasa la kumi kabla shule hazijafungwa, Kireno anakijua, wakamchukua awe voluntária, mtu wa kujitolea. Lakini sheria yao ilisema hakuna anayechanja bairro lake, yaani mtaa wake, asije akawapendelea ndugu. Nani atampendelea nani kwa matone mawili, hatujui, ila ndivyo ilivyopangwa. Basi Nadia akawa anabeba kasha upande ule wa mji, akichanja watoto wa watu, na mwanawe anabaki kwa bibi.

Bi Zubaida naye na hospitali walikuwa na lao. Kireno chake chote ni maneno mawili, não há, yaani hakuna, na aliyapata bure dirishani. Rachide alipowaka homa alimpeleka mara tatu. Dawa ya homa? Não há. Kipimo? Não há. Mtu wa kumtazama? Kesho. Mtoto alipona kwa maji ya kumwagia na kudra ya Mungu. "Leo hao hao," alikuwa akisema, "walioninyima kidonge kimoja nikiwalilia, wananifuata mlangoni na kunibembeleza nipokee dawa ya ugonjwa ambao mtoto hana! Nyie hamshangai? Mimi nashangaa." Na kusema kweli, hilo swali lilikuwa na haki ya kuulizwa. Tatizo ni kwamba alimuuliza kila mtu isipokuwa mwenye kujua.

Hata hivyo angeweza kuyaacha mambo yakapita, kama si ile harusi ya binti wa mzee Buanali. Siku hiyo Bi Zubaida alichora bibi harusi na wasichana wanne wadogo wa kumsindikiza, kazi ya tangu asubuhi, kila ukucha umekolea, kila jani limetulia mahali pake. Piko halijakauka vizuri, wakaingia vijana wa matone. Mmoja akamshika yule msichana mdogo kuliko wote, akamtia matone, kisha akachomoa kalamu yake na kuparuza ukucha, na wino ukamwagikia mpaka juu ya ua.

"Ebo!" Bi Zubaida alisimama. "Mwanangu, hii ni nini?"

"Alama, mamã."

"Alama? Hii ni mavi ya kuku! Kama mnataka cheusi, si mniambie mimi niwape cheusi kilichonyooka?"

Wanawake wakacheka, yule kijana akakimbia na kasha lake. Yalikuwa maneno ya hasira tu. Lakini raundi iliyofuata iliangukia siku tatu baada ya Idi, na Rachide bado alikuwa na piko la Idi kwenye kucha. Vijana wakafika mlangoni, wakamtazama kidole cha mwisho, wakaona cheusi. "Huyu ameshapata sokoni," wakaambiana, wakaandika chaki, wakaenda zao. Bi Zubaida hakusema neno. Alisimama pale na ungo wake mkononi, akauona mlango wa maisha mepesi ukifunguka wenyewe.

Jioni Nadia alirudi na vumbi mpaka kope. "Wamepita, Mama?"

"Wamepita."

"Na Rachide?"

"Si unaona kidole."

Nadia akaona kidole, akafurahi. Na angalia hapo: Bi Zubaida ni mtu wa sala tano, hasemi uongo. Walipita kweli, na kidole kweli kilionekana. Aliyatazama maneno yake kila upande, hakuona doa, akala chakula chake kwa amani.

Baada ya hapo kampeni ikitangazwa tu, yeye anatoa kibakuli cha piko. Wanawake wa mtaani walikuja wenyewe. Huyu mtoto wake alitapika raundi iliyopita, huyu mumewe kasema hataki, yule wa tatu hana sababu yoyote, amechoka kugongewa mlango. "Bi Zubaida, nipakie huyu kidole kimoja tu." Hakuwatoza kitu. Kidole kimoja, alisema, hakimalizi piko. Na kwa kuwa ni Bi Zubaida, hakuwapaka hovyo. Alipaka ukucha ukaenea sawa, pembeni hakugusa nyama, tone halikudondoka.

Na Rosita je, ambaye raundi za mwanzo zilipita akiwa bado kambini? Hapo ndipo kwenye jambo lenyewe. Fernanda hakumwomba Bi Zubaida ampake mtoto wake. Hakujua chochote. Ila siku ya kupaka, watoto wawili wamekaa mkekani, mmoja anapakwa na mwingine ananyoosha mkono analia naye apakwe, na mtu umeshashika kijiti. Akampaka. Akajiambia, matone mawili ni nini? Raundi ijayo nitamwacha apate.

Jioni Fernanda alirudi na kapu la muhogo kichwani, akaona kidole cheusi, akakibusu. "Asante, Mama Nadia. Wallahi nilikuwa na wasiwasi huko machamba, nikasema leo nitawakosa." Alikuwa Mkristo anayeapa kwa Wallahi, maana kukaa kwetu kunakufanya hivyo.

Bi Zubaida alifungua kinywa. Neno lilikuwepo, lilifika mpaka kwenye meno. Lakini umwambie nini mtu anayekushukuru? "Hakuna neno, Mama Celso," akajibu, kwa jina la mtoto wa kwanza wa Fernanda aliyebaki Mueda kwa bibi yake. Na raundi hiyo ilipofika, ukucha wa Rosita bado ulikuwa na weusi, na kulikuwa na harusi, na ikawa hivyo tena, mpaka zikatimia raundi nne.

Wakati huo huo bairro letu lilikuwa linapanda cheo. Msimamizi wa kampeni, kijana mmoja anaitwa Leonel, mwenye kishikwambi na miwani ya jua, alipita kuhesabu vidole. Watoto mia, vidole mia. Akahesabu tena, akapata mia na tatu, kwa sababu kulikuwa na wageni. Chupa za dawa zilibaki nyingi, jambo ambalo lingemfanya mtu mwingine akune kichwa. Leonel aliandika kwamba bairro hili halina ubadhirifu. Kikaja cheti chenye mhuri, kikapigwa msumari ukutani kwa mkubwa wa mtaa. Palikuwa na hotuba. Leonel alisema akina mama wa hapa ni mfano kwa wilaya nzima, na akina mama wakapiga vigelegele, na Bi Zubaida, ambaye alikuwa na haki ya cheti kile kuliko wote, alipiga kwa sauti ya wastani.

Halafu Rosita akapata homa. Homa za watoto tumezizoea, siku tatu zikaisha. Siku ya nne asubuhi Fernanda alimsimamisha mlangoni kwa Bi Zubaida kama kila siku, akamwachia mkono ili aende kwa Rachide, na mtoto akaanguka. Akamwinua. Akaanguka tena upande ule ule. Mguu wa kushoto ulikuwa umelegea, unauinua, ukiuachia unaanguka wenyewe.

"Amelalia vibaya," Bi Zubaida alisema haraka. "Mguu umekufa ganzi. Mwache, nitamkanda."

Alimkanda siku nzima kwa mafuta ya nazi. Alimkanda mpaka mikono yake ikauma, akimsemesha, akimwimbia, akimtekenya unyayo ambao haukutekenyeka. Rachide alikaa pembeni anashangaa kwa nini leo Rosita hataki kukimbizana. Walikuwa wanakunywa kikombe kimoja. Bi Zubaida alikitazama kile kikombe, akakiosha mara mbili.

Siku ya pili yake aliletwa muuguzi, enfermeira Vitória, mama mtu mzima kutoka kusini, mpole, asiyejua neno la Kiswahili. Alikuja na Leonel na fomu. Nadia aliitwa kutafsiri. Wakakaa uani kwa Fernanda, Rosita juu ya mkeka, Rachide karibu yake, na Bi Zubaida kwenye kibao mlangoni, maana yeye ndiye aliyeshinda na mtoto na alitakiwa awepo. Muuguzi alimshika Rosita mguu, akamgonga goti, akatazama kama mguu utaruka. Alisema watachukua choo kikubwa mara mbili, kiwekwe kwenye barafu, kipelekwe kupimwa mbali. Kisha akafungua fomu na kuuliza swali, na Nadia akaligeuza.

"Anauliza, Rosita amepata matone mara ngapi?"

"Mara zote," Fernanda alijibu, na kifua chake kilinyooka kidogo. Mwanamke huyu hakuwa na vitu vingi vya kujivunia mbele ya watu wenye fomu, na hiki alikuwa nacho. "Raundi zote nne tangu tuje hapa. Mimi huwa sipo, lakini nikirudi nakuta kidole. Muulizeni Mama Nadia."

Wote wakamgeukia Bi Zubaida. Akasema, "Vijana walipita, ndiyo." Bado lilikuwa neno la kweli.

"Nne," Nadia alimwambia muuguzi. Leonel akaongeza kwa Kireno na kisha kwa Kiswahili, ili wote wasikie, kwamba bairro hili ni mia kwa mia na lina cheti. Muuguzi aliandika nne, na uso wake ukalainika. Akazungumza kwa utaratibu, na Nadia akafuata: mtoto mwenye dozi nne, hii haielekei kuwa polio. Huenda ni kuanguka, huenda ni sindano iliyochomwa vibaya. Choo kitapimwa, lakini majibu yanachukua wiki nyingi, na kwa sasa hakuna haja ya kuwashtua watu wa mtaa. Akaanza kufunga faili.

"Muulize," Bi Zubaida alisema ghafla, "kama angekuwa hajapata?"

Nadia alimtazama mama yake, akauliza. Muuguzi alijibu kwa dakika nzima.

"Anasema, angekuwa hajapata, wangerudi kuchanja nyumba kwa nyumba wiki hii hii, wasingoje majibu. Kwa sababu huu ugonjwa unapita kwenye choo na kwenye maji, na mtoto mmoja mguu ukilegea, wengine wengi wanao tayari na hawaonekani. Wanaocheza naye ndio wa kwanza. Lakini anasema usiogope, Mama, hapa wote wamechanjwa."

Rachide alikuwa ameshika kile kikombe. Alikunywa funda, akampa Rosita, Rosita akanywa, akamrudishia. Bi Zubaida alikuwa na nafasi ya kunyamaza, na ilikuwa nafasi nzuri. Faili lilikuwa linafungwa. Hakuna aliyekuwa anamshuku. Angeweza kumchukua mjukuu wake kimya kimya na kumtafutia matone upande mwingine wa mji. Hilo alilifikiria, msinione namwonea, alilifikiria sana. Kisha akakumbuka kwamba Rachide popote atakapopelekwa atatazamwa kidole, na kidole chake ni cheusi, kimepakwa vizuri.

"Hajapata," alisema.

"Nani?" Nadia aliuliza.

"Rosita. Hajapata hata mara moja. Hicho kidole nimekipaka mimi."

Kuku alipita uani akidonoa. Leonel, aliyesikia kila neno, alitoa simu yake mfukoni na kuisoma kwa bidii. Muuguzi alimtazama Nadia, akasubiri, kisha akauliza amesema nini. Nadia alikuwa amefungua kinywa na Kireno chote cha darasa la kumi kimemtoroka.

"Mwambie, Nadia," Bi Zubaida alisema. "Mwambie kama nilivyosema, usinisitiri. Mwambie na Rachide pia. Na wa Cadija, na pacha wa Zaida, na mtaa wote huu. Zaidi ya nusu ya hivyo vidole ni vyangu."

Nadia akatafsiri. Alitafsiri akitazama chini, neno kwa neno, na alipofika kwa Rachide alisema "mwanangu", akafuta uso kwa kiganja, akamalizia. Muuguzi alifungua tena faili. Leonel alisema fomu haina mahali pa kuandika jambo la namna hiyo. Muuguzi alimjibu neno moja, na hilo hata Nadia hakuhitajika kulitafsiri, maana aliikata ile nne na kuandika sifuri kubwa.

Fernanda hakupiga kelele. Tungependelea apige. Alimwinua Rosita, akamfunga mgongoni kwa capulana, akaukunja ule mguu uliolegea ndani ya kitambaa kwa uangalifu, akaingia ndani. Mlango wake, ambao mchana haukuwahi kufungwa, akaufunga.

Vijana wa matone walirudi baada ya siku mbili, na safari hii tatizo likawa jipya: vidole vyote vyeusi, nani kapata na nani hajapata? Muuguzi alisema wapewe wote, dozi ya ziada haimdhuru mtoto. Lakini akina mama waliogopa kuonekana, kila mmoja akaapa wa kwake ni wa kweli, na mtoto ameshapata. Basi ikabidi Bi Zubaida atembee mbele ya timu, nyumba kwa nyumba, akishika mikono ya watoto mmoja mmoja na kufumba jicho.

"Huu wangu. Mpe."

"Si wako!" Cadija alifoka. "Huo ni wino wa serikali!"

"Cadija, serikali haijawahi kupaka ukucha ukaenea hivi. Mpe matone."

Walimtukana mtaa mzima. Waliosema "Bi Zubaida, nipakie" ndio waliopaza sauti kuliko wengine, wakamwita mchawi wa watoto, wakasema aliwadanganya. Yeye hakujibu mtu, na wanaomjua watakwambia hilo ndilo lililotutisha. Mwisho walifika nyumbani kwake. Muuguzi alimpa Nadia chupa, sheria ya mapendeleo wakaisahau, na Nadia akamfungua mwanawe kinywa mwenyewe. Matone mawili. La tatu likaangukia kidevuni. Nadia hakumtazama mama yake. Tangu siku hiyo alimsemesha kwa mambo ya lazima tu: chumvi imekwisha, maji yamejaa.

Cheti kilishushwa ukutani kwa mkubwa wa mtaa, ukabaki msumari. Leonel tulisikia amehamishiwa upande wa Pundanhar, ambako barabara ni mbaya na watu wa kupewa hotuba ni wachache.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Muuguzi alikuja nayo mwenyewe. Ilikuwa polio. Mguu hautarudi kama zamani, alisema, lakini ukinyooshwa kila siku hautajikunja, na mtoto atatembea, atachechemea lakini atatembea. Akamwonyesha Fernanda jinsi ya kuunyoosha. Bi Zubaida alikuwa upande wa pili wa ua wa makuti, amesimama kwenye ufa, anatazama mikono ya muuguzi na kusogeza mikono yake hewani, hivi, na hivi.

Fernanda alijaribu kila njia. Alimbeba Rosita mgongoni mpaka machamba, lakini mvua zilikuwa zimeanza, na huwezi kulima na mtoto wa miaka miwili mgongoni huku unatazama ulichopanda kinamezwa na magugu. Akamwachia mwanamke mmoja wa karibu na kisima, akarudi akamkuta mtoto peke yake kwenye tope. Akamwomba Abílio akae siku mbili, na Abílio akasema akikosa siku mbili kazi itapata mwenyewe mwingine. Wiki ile nzima hakulima.

Jumatatu, kabla jua halijapanda, Bi Zubaida alikuwa anafagia akasikia hatua zimesimama mlangoni. Fernanda, jembe begani, Rosita mgongoni. Hakubisha hodi, wala hakuamkia. Aliingia, akatandika mkeka mwenyewe, akamlaza mtoto, akaushika ule mguu mwembamba.

"Hivi," alisema. "Asubuhi mara ishirini. Mchana mara ishirini. Usivute kwa nguvu."

"Najua," Bi Zubaida alisema polepole. "Nilitazama."

"Uji wake huu hapa."

"Sawa." Bi Zubaida alipiga magoti upande wa pili wa mkeka. Machozi yalikuwa yamemjaa, na mikono yake hakujua aiweke wapi. "Mungu akulipe, mwanangu. Sikustahili uniamini te—"

"Sikukuamini," Fernanda alisema, akainuka na kuchukua jembe lake. "Sina mtu mwingine wa kumwachia."